Vidole Vilevile

Zaburi ya wiki: 88

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Kila kanisa lina mpiga kinanda wake wa kunong'onwa. Jumapili yuko mbele na kwaya. Jumamosi usiku kaonekana ukumbi fulani, anawapigia watu wanaocheza na chupa mkononi. Hata kwetu yupo. Wazee walishamjadili kikao kizima, na hakuna hata mmoja aliyelalamika kwamba anapiga vibaya.

Nikimsikiliza ndugu huyu humkumbuka Thomas A. Dorsey, Mmarekani Mweusi aliyezaliwa Villa Rica, Georgia, mwaka 1899. Baba yake alikuwa mhubiri wa Kibaptisti, mama yake akipiga kinanda. Walipohamia Atlanta, kijana aliwakalia karibu wapiga piano wa kumbi za maonyesho, akawaibia ujuzi kwa macho na masikio. Baadaye akaenda Chicago. Huko watu walifanya karamu majumbani ili wapate kodi ya nyumba, na pombe ilikuwa imepigwa marufuku nchi nzima, kwa hiyo mpiga piano mwenye mkono mzito angewaletea polisi. Dorsey akajifunza kupiga kwa sauti ya chini mno, mpaka wakamwita mpiga piano anayenong'ona.

Mwaka 1924 akawa kiongozi wa bendi ya Ma Rainey, mwimbaji mkubwa wa bluzi, ule muziki wa majonzi uliozaliwa kwa watu weusi wa Kusini. Kwenye onyesho mama huyo alikuwa ndani ya sanduku la gramafoni kubwa kuliko mtu, akiimba bila kuonekana, kisha mlango ukafunguliwa akatoka na mavazi yake yanayometameta. Dorsey alikuwa pale kwenye piano. Wakamaliza mji huu, wakapanda treni kwenda mwingine. Mwaka 1926 roho yake ikaugua, akashindwa kabisa kufanya kazi, na alipoinuka alimrudia Mungu akaanza kutunga nyimbo za injili.

Ingekuwa ushuhuda wa mkutano wa injili, hadithi ingeishia hapo, tupige makofi. Lakini nyimbo zile hazikununuliwa. Mwaka 1928, kwa jina la Georgia Tom, alirekodi na mpiga gitaa Tampa Red wimbo uliouzika kupita kiasi, wenye mafumbo ya chumbani ambayo siwezi kuyafasiri mbele ya akina mama wa kwaya. Miaka kadhaa alikuwa mguu mmoja huku, mwingine kule. Makanisa nayo yakazikataa nyimbo zake za injili kwa sababu zilikuwa na harufu ya kilabu. Mwenyewe alikuwa akisema amefukuzwa katika makanisa bora kabisa.

Agosti 1932 aliondoka Chicago kwa gari kwenda kuimba kwenye mkutano wa injili St. Louis. Mkewe, Nettie, alikuwa na mimba iliyokaribia siku zake. Njiani Dorsey akagundua amesahau mkoba wake wa nyimbo, akarudi. Akamkuta Nettie amelala. Akauchukua mkoba taratibu asimwamshe, akaondoka tena.

Akiwa mkutanoni akaletewa simu ya maandishi: mkewe amefariki akijifungua. Ukumbini watu walikuwa bado wanaimba. Alipofika nyumbani alikuta mtoto yu hai, wa kiume, lakini naye hakuuona mwisho wa siku. Mama na mtoto wakazikwa katika jeneza moja.

Misibani kwetu najua ambacho kingefuata. Mtu angemshika bega na kumwambia asilie, Mungu ana makusudi yake. Niliwahi kuwa kwenye msiba ambapo kwaya iliagizwa mapambio ya furaha tu, wakati mfiwa kashindwa hata kusimama. Dorsey hakutoa ushuhuda. Aliona Mungu amemdhulumu, akataka kuiacha injili arudi kwenye dunia aliyoijua.

Hapo ndipo Zaburi ya 88 inaponikaa moyoni. Zaburi nyingi za kilio hugeuka mwishoni: ya 13 inaanza na "hata lini" na kumalizia kwa kuimba. Hii haigeuki. Neno lake la mwisho, kwenye Biblia yetu, ni "gizani". Na imo kwenye kitabu cha nyimbo za hekalu, imepewa wana wa Kora waiimbe kama zaburi nyingine. Yaani Israeli walikuwa na bluzi yao, na haikuimbiwa kilabuni.

Siku chache baada ya mazishi, rafiki yake Theodore Frye akampeleka kwenye chumba cha muziki cha chuo cha urembo cha Poro. Jioni ya Jumamosi, kimya. Dorsey akakaa kwenye piano, vidole vikaanza kutembea juu ya tuni ya wimbo wa zamani wa kanisani. Maneno yakaja: mtu aliyechoka, dhaifu, anamwomba Bwana amshike mkono katika usiku na dhoruba. Alianza kwa kumwita Bwana "mbarikiwa". Frye akasema hapana, mwite "wa thamani".

Ndiyo "Precious Lord", yaani "Bwana wa Thamani". Katika wimbo wote hakuna mahali anaposema sasa yuko sawa. Na mimi kila nikiusikia naisikia sauti ile ya chini ya karamu za usiku. Mungu hakumpa mikono mipya. Kilio kile alijifunza kukipiga akiwa na Ma Rainey, katika kumbi ambazo mimi na wewe tungepita mbele yake tukiongeza mwendo.

Jioni ya tarehe 4 Aprili 1968, kwenye roshani ya hoteli huko Memphis, Martin Luther King, mchungaji aliyepigania haki za watu weusi, alimwomba mpiga saksafoni Ben Branch aupige wimbo huo kwenye mkutano wa usiku ule. Dakika hiyohiyo akapigwa risasi. Mahalia Jackson, mwimbaji wa injili ambaye Dorsey aliwahi kuzunguka naye akimpigia piano, ndiye aliyeuimba mazishini.

Someni Zaburi ya 88 yote, kwa sauti, kabla ya Jumapili. Tafadhali msiirukie kwenda ya 89. Nimemwomba ndugu yetu wa kinanda atupigie kitu taratibu baada ya somo. Ameuliza kama wazee wameruhusu.