Kamba alizonikataza ami

Mwezi wa nane 2017 nlienda Matondoni, kule kisiwani Lamu, kukaa wiki moja kwa ami yangu ambaye ni fundi wa vyombo vya bahari, nikabeba rangi zangu za maji na karatasi nzito zile za gramu 300, nlizichanga miezi maana bei yake si mchezo. Picha nliyoitaka ilikua moja tu, jahazi lililopandishwa pwani linatiwa kalafati, yaani nyufa za mbao zinazibwa maji yasipenye.

Siku ya kwanza nkakaa chini ya mkungu nkachora kila nlichokiona, yaani kila kitu, mikoko ya ng'ambo mti kwa mti, punda wawili, watoto, magogo yaliyolishikilia jahazi, mbao za ubavuni moja moja, makuti ya banda na kamba zote za mlingoti. Masaa matatu. Na kusi linavuma, rangi inakauka kabla sijaitandaza, nkirudia palepale inachafuka, kijani cha mikoko kikawa tope, weupe wa karatasi ukaisha wote. Kwenye rangi za maji mwanga ndo hio karatasi yenyewe, ukishaifunika basi tena.

Ami akaja mikono inanuka sifa, yale mafuta ya samaki ya kupaka vyombo. Akainama, akaangalia kitambo, halafu akaelekeza kidole, hakuigusa.

"Hii nini?"

"Kamba, ami."

"Kamba naiona. Kamba gani?"

Nkakosa jibu. Akanionesha kwenye jahazi lenyewe, henza ile pale, inapita kichwani mwa mlingoti inashuka kuja nyuma, ndo inayopandisha foromali, ule mti unaoshika tanga. Hii yako imetoka mlingotini ikaishia hewani, inavuta nini? Hakukasirika, aliniuliza vile anavyowauliza vijana wake wa kazi. Kisha akasema, "Kama huijui usiitie, mwanangu. Mimi nkiona mlingoti umelala kwa mbele na gubeti, ile ncha ya mbele, limeinuka nshajua chombo gani, kamba ntajifungia mwenyewe."

Usiku sikulala vizuri kwa ile "ntajifungia mwenyewe". Kumbe kitu nlichokitia ovyo kilimzuia asilione jahazi.

Asubuhi kibrashi chembamba nkakiacha nyumbani makusudi, nkaenda na ile nene ya namba 12 peke yake. Kabla ya kuchovya nkafumba macho nusu mpaka vitu vikapotea yakabaki mapande matatu, mbingu na mchanga vyeupe karibu sawa, mikoko na maji kivulivuli hapo kati, halafu jahazi na kivuli chake, kitu kimoja cheusi. Penseli haikuzidi mistari sita. Mikoko nkaipitisha mkupuo mmoja wa brashi, haina jani. Punda nkawaacha, ingawa nlikua nawapenda. Mafundi watatu wakawa matone mawili tu chini ya ubavu. Jahazi nkalikorogea altramarini na kahawia ya siena, nkalishusha kutoka omo, mbele, mpaka tezi, nyuma, bila kuinua mkono na kivuli nkakiunganisha hapohapo rangi ikiwa bado mbichi, ikajichanganya yenyewe pale chini, na sehemu ya juu ya ubavu inayopigwa na jua nkaiacha karatasi tupu. Kamba nkatia moja, henza, maana hio nshaijua.

Dakika arobaini hazikufika. Mkono uliwasha kutaka kuongeza, nkaikalia mikono yangu kabisa mpaka ikakauka.

Ami alipomaliza kazi akaipokea kwa ncha za vidole asiipake mafuta. Akanyamaza muda mrefu. Halafu akaelekeza katikati ya ubavu, pale nlipopita brashi mara moja tu, rangi tupu laini, akasema, "Huu ndo ubao nlioubadilisha juzi."

Nlikua sijachora ubao hata mmoja.