Nilivyoomba Berea: fomu ya fedha ilinitoa jasho kuliko insha

Berea College iko katika mji mdogo wa Berea, jimbo la Kentucky, kusini mwa Lexington. Ni chuo cha shahada ya kwanza, wanafunzi kama 1,500 tu, na tangu 1892 hakimtozi mwanafunzi ada. Badala yake kila mmoja anafanya kazi chuoni, si chini ya saa 10 kwa wiki. Kwa anayetoka nje ya Marekani akapokelewa, mwaka wa kwanza chuo hubeba ada, malazi na chakula. Wengi wakisikia hivyo hukimbilia kuandika insha ya kuliza watu. Mimi nasema anza na fomu ya hali ya kifedha ya familia, kwa sababu chuo kisichotoza ada kinasoma umaskini wako kama mtihani wa hesabu.

Kwanza niliondoe suala la dini, maana ndilo linaloulizwa kila mara. Chuo kilianzishwa 1855 na John G. Fee, mhubiri aliyepinga utumwa, na jina la chuo ni la mji wa Beroya unaotajwa katika Matendo ya Mitume sura ya 17. Kaulimbiu yake inatoka sura hiyohiyo, mstari wa 26, kwamba Mungu ameumba mataifa yote kwa damu moja. Si maneno ya ukutani tu: weusi na weupe walisoma darasa moja hapo hadi jimbo lilipotunga sheria ya kuwatenganisha mwaka 1904. Chuo kilikwenda Mahakama ya Juu ya Marekani, kikashindwa 1908, na kikaweza kuwapokea tena weusi sheria ilipolegezwa 1950. Lakini hakiko chini ya dhehebu lolote wala hakidai ukiri imani fulani. Kwa hiyo ukiwa na barua tatu za mchungaji za kukupendekeza, mbili zimezidi. Mtafute mwalimu wa somo ulilofanya vizuri, aeleze unavyofikiri na unavyofanya kazi. Na kama wewe ni Mwislamu, usijifiche.

Sasa fomu. Familia nyingi za kwetu hazina hati ya mshahara, na hapo ndipo watu huandika tarakimu ya kubuni. Chukua mama anayeuza dagaa sokoni Mwanza. Gunia ananunua 90,000. Usafiri 4,000, ushuru wa meza 500 kwa siku nne ni 2,000, mifuko 2,000. Jumla limemgharimu 98,000. Analipima sado 14, kila sado 9,000, anapata 126,000. Faida ni 28,000 kwa siku nne. Akifanya kazi siku sita kwa wiki, hilo ni gunia moja na nusu, yaani 42,000.

Usizidishe hiyo kwa 52 bado. Dagaa wa ziwani huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali wavuvi hawaingii, mzigo unaadimika na bei ya kununulia inapanda. Nilihesabu wiki moja katika kila nne kuwa ya nusu faida: wiki 39 kwa 42,000 ni 1,638,000, na wiki 13 kwa 21,000 ni 273,000. Mwaka mzima 1,911,000. Ukichukua dola moja kwa shilingi 2,500, hizo ni kama dola 764. Fomu inataka dola, kwa hiyo andika kiwango ulichotumia na tarehe yake. Ukiacha, msomaji atatumia cha kwake na hesabu zenu hazitakutana.

Kosa linaloangusha wengi ni kuandika mauzo mahali pa kipato. Mama huyohuyo kwa mauzo anapitisha gunia 78 kwa mwaka, shilingi 9,828,000, karibu dola 3,930. Ni mara tano ya anachobaki nacho. Ukimuuliza mzazi “unapata ngapi kwa siku”, mara nyingi atakutajia mauzo, maana ndiyo hela aliyoishika mkononi. Kaa naye na daftari, anza na bei ya kununulia, ndipo ushuke. Uwe na subira, wazazi hawapendi kuhojiwa kama wako kwa watu wa kodi, TRA.

Kosa la pili ni hesabu zinazogombana. Kipato cha nyumba ni milioni 1.9, halafu cheti kinaonyesha ulisoma sekondari binafsi ya ada milioni 2.5. Msomaji lazima ajiulize nani alilipa. Kama ni mjomba, mwandike mjomba, ueleze alilipa hadi lini na kama bado anaweza. Kama shule ilikupunguzia, iombe barua. Watoto wanaolelewa hapo nyumbani wahesabu wote, hata wasio wa tumbo moja. Shamba lisilo na hati andika ekari na kinachovunwa, usilipachike bei ya dalali. Deni la VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, nalo ni deni, liweke na marejesho yake ya mwezi. Nilipata pia barua ya afisa mtendaji wa mtaa yenye muhuri. Ilikuwa ya Kiswahili, nikaiambatanisha na tafsiri. Barua hiyo haithibitishi shilingi, inathibitisha kwamba biashara ipo na kaya ina watu wangapi, na hilo linatosha kuzipa uzito hesabu zako.

Kwa upande wa matokeo, jihadhari na C. Mmarekani akiona C anawaza mwanafunzi wa kawaida sana. Kwa NECTA, baraza la mitihani la Tanzania, kidato cha sita A ni 80 hadi 100, B ni 70 hadi 79, C ni 60 hadi 69. Kidato cha nne A huanzia 75 na B huanzia 65. Muombe mkuu wa shule aandike viwango hivyo chini ya nakala ya matokeo, kwenye karatasi yenye nembo ya shule. Kuhusu kalenda: matokeo ya kidato cha sita hutoka katikati ya mwaka, maombi ya wa nje hufungwa miezi mingi kabla ya masomo, na muhula wa kwanza huanza Agosti. Ukiomba na matokeo kamili mkononi, unakaa nyumbani karibu mwaka. Mimi nilichagua kukaa. Kuomba ukiwa bado kidato cha sita kunawezekana, ila utategemea kidato cha nne na ripoti za shule. Ombi lenyewe halina malipo. Ukidaiwa hela na “wakala”, huyo anauza kitu cha bure.

Mtihani wa Kiingereza niliufanya kwenye kompyuta nyumbani, ule wa mtandaoni wa Duolingo. Kinachoharibu si Kiingereza, ni mazingira: mtu akipita nyuma yako, ukigeuza macho nje ya skrini, au intaneti ikikatika, matokeo yanaweza kukataliwa. Fanya saa nne usiku watu wakiwa wamelala.

Ukipokelewa chuo kinakutumia fomu I-20, hati unayoombea viza ya mwanafunzi. Iangalie kabla ya kufurahi. Ukurasa wa kwanza una sehemu ya fedha, pande mbili: kushoto gharama (ada, kuishi, mengineyo), kulia zinakotoka (fedha zako, za chuo, za wengine, za kazi ya chuoni). Jumla ya kulia isipungue ya kushoto. Jina lilingane na pasipoti herufi kwa herufi, na hapa Watanzania tunaumia kwa majina matatu: cheti cha kuzaliwa kina jina moja la babu, cheti cha NECTA kina jingine. Rekebisha pasipoti mapema au mwombe ofisa wa chuo arekebishe I-20, kabla ya kulipa ada ya SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa nje. Hiyo ada ya SEVIS ni dola 350, na nilipolipia maombi ya viza yalikuwa dola 185. Masharti ya viza kwa nchi zetu hubadilika ghafla, kwa hiyo soma tangazo la ubalozi kabla ya kutoa senti.

Kwenye dirisha la ubalozi swali ni “nani analipa?” Jibu ni sentensi moja: chuo, na iko hapa kwenye I-20. Ukianza kueleza mjomba na dagaa unajichanganya mwenyewe. Swali la pili ni kwa nini hicho chuo. Taja somo na kitu kinachopatikana pale, usiseme “kwa sababu ni bure”, hata kama ndiyo sababu ya kwanza.

Hairuhusiwi kuingia Marekani zaidi ya siku 30 kabla ya tarehe ya kuanza iliyo kwenye I-20, na I-20 isafiri kwenye begi la mkononi. Ukishafika unahitaji namba ya Social Security, namba ya serikali inayotumika kwa mshahara na kodi, ili ulipwe. Chuo kinakupa barua ya kazi, subiri siku kama 10 tangu uingie ndipo uende ofisini kwao, vinginevyo mfumo hautakuona na utarudishwa.

Mwaka wa kwanza kazi unapangiwa. Inaweza kuwa jikoni, shambani, maktaba, au karakana za ufagio na ufumaji. Msimamizi anakutathmini kama mwalimu, na ukichelewa inaandikwa. Malipo ni madogo, ya sabuni, vitabu na simu, usiahidi kutuma nyumbani. Viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi, inaruhusu hadi saa 20 kwa wiki chuoni wakati wa muhula, na nje ya chuo usiguse kazi yoyote bila kibali.

Kuanzia mwaka wa pili mwanafunzi wa nje anatakiwa kuweka akiba ya dola 1,000 kwa mwaka kuchangia gharama zake, na chuo humpa kazi ya likizo ili aipate. Ukiigawa kwa wiki 10 za likizo ni dola 100 kila wiki. Niliitenga siku ileile mshahara ulipoingia, kwenye akaunti nyingine isiyo na kadi.