Nepi za kitambaa kipindi cha mvua hapa Kigoma

Wadada wengi huku Gungu na hata kazini wananiuliza naweza vipi nepi za kitambaa na bado naenda kazini, na nikianza kujibu maswali yanakuwa mengi kweli kweli, kwahiyo leo naandika yote. Kwa mimi nepi ya kitambaa yenyewe haina shida, shida ni kukausha. Ukishajua utakausha vipi mvua ikiwa haikatiki basi umemaliza, mengine yote ni madogo.

Mvua huku kwetu zinaanza mwezi wa 10 au wa 11 zinaenda mpaka wa 4, saa nyingine mpaka wa 5. Ukijifungua mwezi wa 6 au wa 7 unafua asubuhi, mchana unaanua, jua kali na upepo wa ziwani unamaliza kazi. Wa kwangu kazaliwa Disemba. Sasa mtoto mchanga anabadilishwa mara 8 mpaka 12 kwa siku, yani usiku na mchana, fikiria hizo zote ziko kwenye kamba na wingu limekaa tu juu ya ziwa haliondoki, alafu mchana jua linatoka nusu saa unakimbia kuanika, likishaingia manyunyu unakimbia kuanua.

Kitu cha kwanza kilichonisaidia ni aina ya nepi. Watu wanadhani nepi nene ndo nzuri, ile imeshonwa matabaka matabaka, kumbe ile ndo inakutesa masika, nje imekauka katikati bado mbichi na kesho yake inanuka uvundo. Mama mkwe wangu wa Ujiji ndo aliyeniambia, "Mwanangu, chukua kitambaa chepesi kimoja kikubwa, unene utaupata kwa kukunja." Na kweli, mraba mkubwa wa pamba nyepesi ukiukunja unapata matabaka ya kutosha kunywa mkojo, ukishaufua ukaukunjua kwenye kamba ni kitambaa kimoja tu, upepo unapita. Kiangazi nepi 20 zinatosha, masika tafuta 30 kama uwezo upo. Na sio lazima zote mpya, khanga za zamani za pamba zilizolainika zinafaa sana, hata fulana za mtumba ukizikata vipande ukaziweka katikati kwa ajili ya usiku.

Ila angalia kitambaa kwanza. Siku hizi kuna khanga na vitenge vya polista, vinang'aa vizuri lakini havinywi maji. Ukiwa sokoni Mwanga mwombe muuzaji tone la maji udondoshe pembeni, likizama chukua, likibaki juu linateleza achana nalo. Na pamba mpya nayo usimvalishe mtoto siku hiyo hiyo, ifue kwanza mara kadhaa kwa maji ya moto, maana ikitoka dukani bado ina dawa za kiwandani na haijaanza kunywa vizuri.

Hapo hapo niseme la mafuta, hili ni letu watu wa Kigoma. Tunapenda kumpaka mtoto mafuta, iwe mawese, iwe mafuta mgando, mpaka mapajani na matakoni, anang'aa. Mafuta yale yanaingia kwenye nepi, ukifua juu juu hayatoki, taratibu kitambaa kinaanza kukataa maji, mkojo unapita pembeni unalowesha shuka na wewe unasema nepi za kitambaa hazifai. Mimi nampaka mwili mzima ila sehemu ya nepi napaka kidogo sana, na nepi zikianza kukataa maji nazichemsha na sabuni ya mche alafu nasuuza mpaka povu liishe kabisa. Zile dawa za kulainisha nguo zenye harufu nzuri usiweke, nazo zinafanya hivo hivo kama mafuta.

Kufua kwenyewe hakuna maajabu. Choo kinakwenda chooni kwanza, mtoto akiwa ananyonya tu kinatoka kirahisi kwa maji, akishaanza uji miezi 6 ndo utajua kazi imeanza. Suuza na maji ya baridi kabla ya kuweka ya moto, ukianza na ya moto doa linaganda. Ndoo ya kuloweka iwe na mfuniko na iwekwe mbali na watoto wanaotambaa. Na naomba sana tusifulie nepi ziwani. Kuna watu bado wanasema choo cha mtoto hakina neno, hapana jamani, kina vijidudu kama cha mtu mzima, na sisi mkoa huu tulishaona kipindupindu kule Kagunga mwaka 2015, tunajua maji machafu yanafanya nini. Chota maji, fulia mbali, mwaga shimoni.

Sasa kukausha. Mimi nina kamba mbili, moja uani na moja chini ya bati la baraza, na za baraza naziacha nafasi katikati, nikibananisha hazikauki. Asubuhi kabla sijatoka za usiku zimeshafuliwa, baba mtoto anafua za jioni, hilo tulipatana kabla mtoto hajazaliwa na sidhani ningeweza peke yangu. Zikifika nusu kukauka napiga pasi ya mkaa, nje hapo hapo barazani, pande zote mbili na kwenye mapindo. Pasi hii sio urembo. Kuna nzi anataga mayai kwenye nguo mbichi iliyoanikwa, hasa kivulini, na yule funza akitoka anaingia kwenye ngozi ya mtoto anafanya jipu, mtoto analia hujui analia nini. Joto la pasi linaua mayai. Kwahiyo hata kama nepi imekauka, pasi ni lazima.

Alafu kuna jambo linaniogopesha, wanaokausha nepi kwa jiko la mkaa ndani ya chumba wamefunga mlango na madirisha kwa sababu ya baridi ya mvua. Usifanye hivo kabisa, hewa ya mkaa haina harufu na inaua watu usingizini. Bora mtoto alale na kipande cha khanga kuliko hilo.

Pampasi sizikatai, usiku akiwa anaumwa tumbo navalisha, na kwenye treni ya kwenda Tabora navalisha, huwezi kutembea na mfuko wa nepi mbichi safari nzima. Ila kila siku siwezi, hesabu tu hizo 10 kwa siku ni 300 kwa mwezi, na zikishatumika unazipeleka wapi? Chooni zinajaza shimo, kwenye mtaro mvua inazisomba hizo ziwani. Mifuko ya plastiki tuliiacha tangu Juni 2019, hizi nazo zina plastiki ndani na tunatupa tu. Kwahiyo mtu akikuona kliniki na nepi ya kitambaa akakuangalia kama huna hela, usimjali, mvalishe mwanao.

Walioomba vipimo nilivyompa fundi: mraba wa sentimita 65 kila upande, pindo jembamba la mshono mmoja, maana pindo nene ndo linachelewa kukauka na ndo linamchubua mtoto mapajani. Ukifunga na pini, weka vidole vyako viwili kati ya nepi na tumbo lake, ikiteleza ikuchome wewe.