Kichupa kilichoonekana kitupu: KIM-1 ya panya, wiki ya tatu

Kwa wageni: natafuta namna ya kujua hali ya figo za panya wetu kwa mkojo tu, bila kuwachinja. Protini ninayoiwinda ni KIM-1. Figo likiwa zima, karibu huioni. Mirija yake ikiumia, seli za mirija huitoa kwa wingi, na kipande cha nje hukatika kikashuka na mkojo. Ili nijue kuna kiasi gani, lazima niwe na KIM-1 safi ya kulinganishia. Hiyo nimeagiza nje, mikrogramu 50.

Jumatatu. Mzigo umekaa siku tisa ndipo ukanifikia, na joto hili la Dar. Nashukuru ni protini iliyokaushwa kwa kugandishwa, inavumilia. Nikainua kichupa kwenye mwanga wa dirisha: hamna kitu. Jamaa wa meza ya pili akachungulia, akasema, "Kaka, hapo umepigwa."

Sikupigwa. Mikrogramu 50 ni utando tu, jicho halioni. Nilikizungusha kwanza kwenye sentrifuji, maana utando ukishika kifuniko unaondoka nao ukifungua. Kisha mikrolita 500 za PBS (maji ya chumvi yasiyobadilika uasidi), nusu saa mezani, bila kutikisa. Povu ni adui wa protini.

Nikatenga mikrolita 40 za kupimia kwenye jeli (inayotenganisha protini kwa ukubwa), zilizobaki nikazitia albumini ya ng'ombe kidogo ili KIM-1 isinate kwenye plastiki. Mpangilio huo ni muhimu: albumini ina kilodaltoni 66 (kipimo cha uzito wa molekuli), ingeingia kwenye jeli ingenichafulia picha yote. Nikapata vichupa 22 vya mikrolita 20, vyote friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Kimoja kikiyeyuka, hakirudi.

Jumatano. Hapa ndipo nilipotoka jasho. Hesabu ya asidi amino za kipande hiki inatoa kama kilodaltoni 24. Jeli ikatoka kwenye rangi ya buluu na mstari mpana, wenye ukungu, juu ya 40. Nikaanza kuandika barua ya malalamiko kwa muuzaji.

Dada anayesimamia maabara akaiangalia jeli, akaniuliza, "Imetengenezwa na seli gani?" Nikamjibu: HEK293, seli zilizotokana na figo la kijusi cha binadamu. "Basi hiyo ni sukari, mdogo wangu." Seli za mamalia huibandika protini hii minyororo ya sukari, bakteria wa E. coli wangenipa iliyo uchi. (Namba 293, kwa wapenda vijimambo, ni jaribio la 293 la mwanasayansi Frank Graham kule Leiden, Uholanzi. Kwa hiyo protini ya figo la panya imepikwa na seli zenye jina la figo la binadamu.)

Alhamisi nikaikata sukari kwa kimeng'enya cha PNGase F. Mstari ukashuka, lakini haukufika 24. Sawa kabisa: kimeng'enya hicho hukata sukari zilizoshika asidi amino ya asparajini tu, na KIM-1 ina sehemu nzima inayofanana na myusini (protini ya ute) yenye sukari zilizoshika asidi amino nyingine, serini na threonini. Barua nimeifuta.

Ijumaa. Grafu ya kwanza ya ELISA (kipimo cha protini kwa kingamwili, kwenye sahani ya visima vidogo), kutoka pikogramu 1,000 kwa mililita, nikipunguza nusu kwa nusu hadi 15.6. Imenyooka vizuri, ila vipimo viwili vya chini havitofautiani na kisima kitupu. Nashuku uoshaji wangu. Wiki ijayo narudia kwa kuosha mara tano badala ya tatu, ndipo nifungue mkojo.