Kiziba Kilichobanduka Kikiwa Kizima

Juzi mama mmoja aliingia katika chumba changu cha matibabu hapa Nakuru akiwa na karatasi ya shashi iliyokunjwa mara nne, na ndani yake mlikuwa na kiziba cheupe nilichomwekea mwanawe kwenye jino la mbele miezi minane iliyopita. "Daktari, kilitoka akila mahindi ya kuchoma," alisema bila hasira. Nilikigeuza kidoleni nikaona kwamba hakikuwa na ufa wala pembe iliyomeguka, na kiziba kinachotoka kizima hivyo hakikushindwa na mahindi, bali hakikuwahi kushikana na jino sawasawa. Kosa lilikuwa langu.

Meno ya kijana huyo ni ya kahawia, kama ya wengi waliokulia Bonde la Ufa, ambako maji ya visima virefu hupita kwenye miamba ya volkano na mara nyingi hubeba floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Doa hilo huingia utotoni, jino likiwa bado linaundwa ndani ya taya, kwa hiyo haliondoki kwa mswaki wala kwa majivu (ambayo, kwa kweli, hulikwaruza jino bure). Tabaka la juu la enameli (ganda gumu la nje la jino) ya namna hiyo huikaidi asidi, ilhali kompoziti, ile resini nyeupe ya kuzibia jino, hutegemea vijishimo vidogo mno ambavyo asidi ya fosforiki huvichimba ili gundi ipate pa kushika. Mara ya kwanza niliipaka asidi hiyo kwa sekunde 15, kana kwamba jino lilikuwa la kawaida.

Safari hii nilikwangua tabaka hilo kidogo, nikaiacha asidi ikae zaidi, nikasuuza na kukausha mpaka enameli ikafifia kama chokaa. Kisha nikapaka gundi na kujaza kompoziti kwa matabaka yasiyozidi milimita 2, kila moja likigandishwa kwa mwanga wa buluu. Gego lake lililotoboka nililiziba kwa glasi ayonoma, aina ya saruji ya meno ambayo hujishikiza yenyewe na kuvumilia unyevu kiasi.

Mama aliuliza kama kuchemsha maji kungesaidia. Hapana, kwa kuwa maji hupungua sufuriani na floraidi hubaki; afadhali chujio la mkaa wa mifupa, au maji ya mvua. Nyumbani ana mtoto wa miaka miwili, na tulikubaliana kwamba tangi la mvua litakuwa la huyo kwanza.