Kimo cha namba nne

Jana jioni, baada ya mazoezi ya mpira wa kikapu, kijana mmoja ninayemfundisha alibaki ameketi pembeni mwa uwanja hadi wenzake wote wakaondoka, kisha akaniuliza jambo ambalo naona limemkaa moyoni kwa wiki kadhaa: "Kocha, kwa urefu huu, vyuo vya Marekani vitanipokea kama namba nne?" Namba nne ni mchezaji wa mbele anayegombea mipira karibu na kikapu. Kijana huyu ana mita 1.97, na kuna mtu amekwisha kumwambia kwamba huko namba nne wa kimo hicho hatazamwi mara mbili. Sikumjibu papo hapo, kwa kuwa sikutaka kumpa faraja tupu, na usiku usingizi ulinipaa nikilifikiria.

Sisi Watanzania tulikwisha kuona mfupi akimshinda mrefu, na lilituuma. Februari 2009 Hasheem Thabeet wetu, mwenye mita 2.21, alikuwa akiichezea Connecticut, timu ya chuo kikuu iliyoshika nafasi ya kwanza kati ya vyuo vya Marekani wakati huo, walipowakaribisha Pittsburgh mjini Hartford. Chini ya kikapu alikutana na DeJuan Blair, mwenye mita 2.01 tu. Blair alimaliza na pointi 22 na ribaundi 23, yaani mipira aliyoidaka baada ya mitupo kukosa kikapu. Thabeet alipata pointi 5 na ribaundi 4, na Pittsburgh wakashinda 76 kwa 68. Wengi wanakumbuka pale walipogombea mpira na Blair akambwaga Thabeet kwa kumpitisha juu ya bega lake. Mimi kinachonivutia zaidi ni kile Blair alichokuwa akifanya kabla mpira haujagusa ringi: magoti yamekunjwa, nyonga imeshaingia chini ya paja la mpinzani, mgongo unamsogeza nyuma hatua moja, hata ile mikono mirefu inaponyooka, inanyooka mahali ambapo mpira hauanguki.

Hata hivyo, nisingependa kijana wangu aishi kwa mfano wa Blair peke yake. Siku hizi namba nne hutolewa mbali na kikapu, hadi kwenye mstari wa pointi tatu, na mlinzi wake hulazimika kumfuata, ndipo njia ya kwenda kikapuni inapofunguka kwa wengine. Villanova walilionyesha hilo katika nusu fainali ya vyuo ya 2018 dhidi ya Kansas, walipofunga mitupo 18 ya pointi tatu, huku Eric Paschall, ambaye kimo chake ni kama mita 1.98, akifunga mitupo 10 kati ya 11 aliyojaribu. Asiye mrefu na asiyejua kutupa kutoka mbali humpa mpinzani ruhusa ya kumwacha na kwenda kuziba katikati, na hapo timu yake yote hubanwa.

Draymond Green ndiye ninayemrudia zaidi. Naye ana mita 1.98, lakini alipomaliza Michigan State mwaka 2012 alikuwa ameokota ribaundi nyingi kuliko mchezaji yeyote katika historia ya chuo hicho, na alikuwa akigawa pasi kama mtu wa namba moja, yule anayeongoza mchezo. Zaidi ya yote, alijua kukaba. Naamini hapo ndipo namba nne mfupi anapopimwa kweli: skrini inapowekwa, yaani mpinzani anaposimama kumzibia njia mlinzi, na akajikuta ana kwa ana na gadi, mchezaji wa nyuma aliye mwepesi, je, miguu yake itahimili?

Kijana wangu ana mikono mirefu kuliko kimo chake, na kuweka mwili anajua. Hilo sikumfundisha mimi. Mtupo wake wa kona bado unatoka chini, karibu na kifua, na akikabwa haraka unazuiwa. Mstari wa pointi tatu wa vyuo vya Marekani ulisogezwa mwaka 2019 hadi mita 6.75, umbali uleule uliochorwa kwenye uwanja wetu, kwa hiyo anachokifanyia mazoezi hapa ndicho atakachokikuta huko. Kesho nitamjibu kwamba anaweza kupokelewa, nimweleze na sharti lake, kisha tuanze na mitupo mia moja ya kona, mkono ukiwa juu ya paji la uso, nami nikimkimbilia kila mara kumziba.