Farasi Alikuwa na Jina

Juzi nilikuwa napanga sanduku la Bibi hapa Bombo, Uganda, nikakuta daftari langu la zamani. Ndani kuna hadithi niliyoandika nikiwa na miaka 15. Shujaa ni Samuel Baker, mpelelezi Mwingereza aliyetumwa na Khedive (mtawala) Ismail wa Misri kukomesha biashara ya watumwa. Anaingia Patiko, kituo cha biashara ya watumwa, mwaka 1872, wafanyabiashara wa Khartoum wanatimua mbio, minyororo inadondoka. Watumwa nimewataja mara tatu, na mara zote tatu wanalia tu. Hakuna hata mmoja mwenye jina. Farasi anaitwa Radi.

Baadaye nilifika Patiko kwenyewe, kaskazini mwa Gulu. Ni majabali tu, na jua kali. Aliyetutembeza alituonyesha mikwaruzo kwenye mwamba, akasema ni alama za shoka. Wenzangu walipiga picha. Mimi nilikaa kivulini nikijaribu kumfikiria mtu mmoja, mmoja tu, akingoja hapo kupelekwa kwa miguu hadi Gondokoro, bandari ya mto Nile huko Sudan Kusini ya leo. Sikuweza hata kumvika nguo.

Kisha nikasoma kwamba Florence, mke wa Baker, naye alikuwa mateka, na Baker alimpatia kwenye mnada wa watumwa huko Vidin, Bulgaria ya leo, mwaka 1859. Kwenye hadithi yangu kazi yake ilikuwa kumimina chai!

Lakini kilichonikosesha usingizi ni cha nyumbani. Sisi Wanubi tumelelewa kujivunia kwamba ni wajukuu wa askari wa Emin Pasha, gavana wa Misri huko Nile ya juu, wale aliowaleta Uganda Kapteni Lugard, Mwingereza, mwaka 1891. Askari, basi. Hakuna aliyeuliza zaidi. Nikamuuliza Bibi, naye anasuka kawa:

"Bibi, hao wazee waliingiaje jeshini?"

Akavuta ukindu mwekundu, akaukata kwa meno.

"Walichukuliwa, mjukuu wangu. Wangali watoto."

"Na nani?"

"Wenye bunduki. Halafu na wao wakapewa bunduki." Akanyoosha mkono. "Nipe huo wa kijani."

Nimeianza hadithi upya. Safari hii kuna kijana, anaitwa Farajallah, jina alilopewa na waliomteka. La kwake analitaja usiku tu, akiwa peke yake. Nimekwama ukurasa wa 6, pale anapoamriwa kwenda na wenzake kuvamia kijiji alfajiri. Mara mbili sasa nimemtia homa ili asiende.